Hukumu Iliyokosa Amina

Kwenu nyinyi wawili mliochaguliwa kushika mikrofoni baada yangu.

Najua mtacheka. Mtu wa miaka kumi na minane hastaafu. Anayestaafu ni mwalimu mwenye mvi au askari mwenye goti bovu. Lakini nilianza ukalimani kanisani nikiwa na miaka kumi na miwili, na sasa siufanyi tena wala sitaufanya, kwa hiyo niiteni mstaafu. Sina pensheni. Nina ujuzi kidogo na hasira nyingi, na vyote viwili nataka kuwaachia kabla havijapoa.

Mnanijua, mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake ninalo, naangalia viatu vyake mpaka ahamie kwa mwingine. Watu wameniuliza mara nyingi msichana wa aibu namna hii alisimamaje mbele ya kanisa zima kila Jumapili. Aibu yenyewe ndiyo iliyonipa kazi. Mkalimani hasemi neno lake hata moja. Unajificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine kama mtoto nyuma ya kitenge cha mama yake, na ukiwa pale nyuma unaweza hata kupiga kelele.

Aliyenifundisha ni Mzee Sospeter, fundi cherehani wa pale karibu na soko. Yeye aliwatafsiri kwa Kinyarwanda wahubiri wa Kiswahili wa kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, tangu kabla sijazaliwa, mpaka sauti ikamwishia. Siku moja alinisikia dukani kwake nikimsaidia mama yangu kuelewana na mteja mwingine aliyejua Kinyarwanda tu. Mama alikulia Tanzania, ndiyo sababu Kiswahili changu kimevaa sare ya shule; kile cha Goma nilikiokota sokoni kama kila mtu wa hapa. Mzee akasimamisha cherehani, akaniambia nije Jumamosi na leso kavu.

Leso ndiyo somo la kwanza, na msilidharau. Mikrofoni ya kanisa letu inauma kwa umeme. Waya wake una kasoro ambayo kila fundi ameshaitengeneza na bado ipo. Izungushie leso kavu pale unapoishika, uifunge fundo, na usiitoe mpaka ibada iishe. Ukiwa na jasho mkononi ndiyo itakuuma zaidi, na jasho mtakuwa nalo.

La pili, simama nusu hatua nyuma ya mhubiri, upande wa kushoto, umwangalie tumbo. Mdomo unadanganya, mdomo unaweza kunyamaza kwa kutafuta sifa. Tumbo likivuta pumzi, hapo ni zamu yako. Usisubiri amalize wazo. Wengine hawana wazo la kumaliza.

Akilia, wewe usilie. Mzee Sospeter aliniambia hivi: "Mutu moja alie, mwingine aseme. Mukilia wote wawili, watu wataenda nyumbani na hawajui nani amekufa." Akikimbia kati ya watu, msimfuate kama nilivyofanya mimi mwaka wa kwanza, maana waya una mwisho. Ule waya ulinirudisha nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba, nikakalia ngoma.

La tatu ndilo kubwa, na kila kitu ninachotaka kuwaambia kinatoka humo. Siku yangu ya kwanza mhubiri alisema, "Nilikuwa mgonjwa," na mimi kwa Kinyarwanda nikasema, "Aravuga ngo," yaani anasema kwamba, alikuwa mgonjwa. Baada ya ibada Mzee alinivuta sikio, polepole, lakini alilivuta.

"Mutoto, hakuna 'anasema'. Ukisimama pale, we si we tena. We ni yeye. Akisema mimi, sema mimi."

Basi Jumapili iliyofuata mhubiri akasema mimi na mke wangu tuna watoto saba. Nami, mtoto wa miaka kumi na miwili, nywele zimekatwa za shule, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba mimi na mke wangu tuna watoto saba. Kanisa lilicheka mpaka mpiga kinanda akatoka nje. Lakini sikurudi nyuma. Tangu siku hiyo nimekuwa mlevi aliyeokoka, mjane, mwanajeshi, na mara nyingi sana nimekuwa Mungu. Fikirini hilo. Mimi Bwana nimechoka na ninyi. Mimi Bwana nitawarudisha. Msichana asiyeweza kumwomba konda chenji yake anasema hayo, na wazee wanainamisha vichwa.

Sasa jambo ambalo mgeni halielewi kuhusu kanisa letu. Karibu kila mtu pale ndani anajua Kiswahili. Akina mama wanavuka Petite Barrière, kile kivuko cha mpaka cha watembea kwa miguu, kila asubuhi kwenda kuuza Goma. Wanapatana kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili. Mhubiri akitania, wanacheka kabla sijafungua mdomo. Kwa nini basi mkalimani? Nilimwuliza Mzee, akasema neno la Mungu si habari ya sokoni, lazima lije mara mbili. Mara ya kwanza linapita sikioni, mara ya pili linaingia nyumbani. Ndiyo desturi yetu: "Amina" haisemwi baada ya mhubiri. Inasemwa baada ya mkalimani. Mhubiri anaweza kupasua paa kwa sauti, watu watamwangalia tu kwa upole, wakingoja. Mkishika mikrofoni mtaihisi hiyo amina, jinsi inavyowangoja kifuani mwa watu. Mimi niliihisi miaka sita bila kufikiria kwamba ni nguvu.

Nije sasa kwa Mama Zawadi. Mnamjua: yule mrefu, anayeuza nyanya, anayekaa upande wa dirisha. Mto Sebeya ulipofurika ulichukua nyumba yake kule karibu na Nyundo, na ndani alikuwa mtoto wake wa mwisho, Shukuru. Sitaeleza zaidi ya hapo. Waliokuwepo wanajua, na ambao hawakuwepo hawana haja ya picha.

Baada ya mafuriko watu wema walileta mabati kanisani, yagawiwe kwa waliobomokewa. Yalikaa stoo wiki kadhaa. Halafu chumba cha wageni cha kanisa, kile ambacho wahubiri wanapewa chai, kikapata paa jipya la bluu. Kila mtu aliliona. Paa si kitu cha kuficha. Tukanyamaza wote, kwa adabu ile yetu ya kumeza vitu. Mama Zawadi peke yake, ambaye mpaka leo anaishi chumba kimoja kwa dada yake, alisimama kwenye kikao cha akina mama akauliza mabati ya watu wa mto yako wapi.

Hakujibiwa. Alianza kusemwa. Mara ana kinywa kichungu, mara kuna dhambi aliyoificha, maana mbona mto uliacha nyumba ya jirani ukachukua yake. Mwisho wazee wakamwambia atubu mbele ya kanisa ile dhambi iliyoleta maji, la sivyo atatengwa. Na nyinyi mnajua kutengwa kwetu ni nini. Si Meza ya Bwana tu. Akina mama wa kanisa wanavuka mpaka pamoja, mabeseni kichwani, na aliyetengwa hatembei nao. Mwanamke anayevuka peke yake ndiye anayesukumwa, ndiye ambaye beseni lake linaanguka, na hakuna wa kumwinulia. Mama Zawadi hana shamba wala mume. Ana lile beseni.

Jumapili ile alikuja mtumishi mgeni kutoka Goma, mtu wa suti nzuri na sauti ya jogoo wa alfajiri. Kabla ya ibada niliitwa kwenye chai, kama kawaida. Mkalimani kwenye chai ni kama birika: watu wanaongea mbele yake wakidhani halina masikio. Mchungaji wetu akamweleza mgeni habari za mama mmoja msumbufu, mto, mtoto, kikao, toba anayoikataa. Alisema kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayemwombea. Yule mgeni alisikiliza, akachukua kipande cha mkate, akauliza swali moja.

"Anakaa upande gani?"

"Dirishani," mchungaji akasema. "Leo iko na kitenge ya njano."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilitazama juu kwa sababu sikujua pengine pa kutazama, na juu kulikuwa na yale mabati.

Ibadani alisoma nabii Amosi. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima. Ile siku ya Bwana ambayo ni giza na si mwanga, yule mtu anayemkimbia simba akakutana na dubu, akafika nyumbani hoi, akaegemea ukuta, na nyoka akamuuma kutoka ukutani. Nilitafsiri kila kitu na ngozi ilinisisimka, maana ukiwa mkalimani maneno kama hayo yanakupita mwilini. Halafu akafika pale ambapo Mungu anasema amechoka na sikukuu zao na hataki kelele za nyimbo zao, anataka haki itiririke kama mto usiokauka. Hapo mtumishi alifunua ukurasa. Aliruka mistari ile kama mtu wa suti anavyoruka dimbwi.

Akafumba macho. Akasema Bwana anamwonyesha mama. Bwana anamwonyesha dirisha. Bwana anamwonyesha rangi ya njano. Nikatafsiri, Mungu anisamehe, nilitafsiri hayo yote, kwa sababu ulimi una mazoea kama mguu. Kanisa likageuka. Mama Zawadi akasimama mwenyewe kabla hajaambiwa.

Mtumishi akamnyooshea mkono.

"Mimi Bwana ndiye nilituma ule muto. Mimi ndiye nilichukua mutoto yako, kwa sababu ya mudomo yako. Tubu."

Tumbo lake likavuta pumzi. Ilikuwa zamu yangu.

Mtasema, Mama Zawadi alikwishasikia. Ndiyo, alikwishasikia. Lakini Kiswahili kwake ni lugha ya beseni na ya mpaka. Mtu anaweza kutukanwa kwa lugha hiyo akaenda nyumbani akala. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia kwa Kinyarwanda, kwa lugha aliyomwimbia Shukuru alale. Mimi, kwa kinywa changu, niseme mimi. Mimi nilimchukua mtoto wako. Na nikishasema, kanisa lote liseme amina.

Sikusema.

Msidhani nilikuwa shujaa. Niliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, cha moto, ambacho sikuwa nimewahi kukutana nacho, na sasa najua jina lake. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yule mtu kwa sababu alijua rangi ya kitenge kutoka kwenye chai. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesimama kwenye kitabu cha mtu aliyewafokea wenye nyumba nzuri, akakitumia kumpiga asiye na nyumba.

Watu wakangoja. Niliona midomo imefunguka nusu, amina iko tayari, haina pa kushika. Mtumishi akarudia, kwa nguvu zaidi. Akafungua macho.

"Mukalimani. Tafsiri."

"Hiyo siisemi, mtumishi," nikasema. Nilitaka kunong'ona, lakini mikrofoni ilikuwa mdomoni.

Mchungaji wetu akaja mbio kutoka kwenye kiti chake, akaninyang'anya mikrofoni. Fundo likafunguka, leso ikabaki mkononi mwangu. Mnajua kilichofuata. Aliruka na kutoa sauti ambayo haipo katika lugha yoyote, na mikrofoni ikaanguka. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa. Mchungaji akavuta mkono wa koti mpaka kwenye vidole, akaiokota, akageukia kanisa, uso umelowa.

Na mnajua alianzaje? Mtu aliyehubiri miaka yote hiyo, anayeijua kanuni yetu kama anavyojua jina lake?

"Aravuga ngo," akasema. Anasema kwamba. Anasema kwamba Bwana ndiye aliyetuma mto, anasema kwamba...

Hata yeye hakuweza kusema mimi.

Hakuna aliyeitika. Nilimtazama Mzee Sospeter kule nyuma, alikuwa ameinama akiangalia mikono yake. Ndipo Mama Zawadi akaongea, kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikose kuelewa. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

"Pasteri, nani anasema?"

Mchungaji akamtazama mgeni.

"Kama ni Mungu anasema, niko hapa, natubu," akasema Mama Zawadi. "Kama ni we, bon, tuongee juu ya mabati."

Akakaa chini, akakunja kitenge chake juu ya magoti. Kiongozi wa kwaya akaanzisha wimbo haraka, kama mtu anayefunika sufuria inayofurika, na ibada ikaishia hapo bila mtu kusema imeisha.

Nje akina mama walinizunguka. Walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya mchungaji kuumwa na mikrofoni. Yoo, Mungu amejibu. Mungu amempiga mkono ule ule uliochukua mabati. Umeona, mukobwa, binti yetu? Walitaka niitikie, na hapo nikakasirika upya, na wao safari hii. Niliwaambia ule ulikuwa umeme. Ule waya umeniuma mimi zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka, na sijaiba hata msumari. Kama mtasema umeme ule ni kidole cha Mungu, basi mtumishi naye yuko sawa kuhusu mto. Huwezi kuokota hukumu kwenye kila kinachomuumiza usiyempenda, kisha umkataze jirani kuokota kwako. Mmoja alisema nimekuwa mgumu. Labda.

Nimewasoma manabii upya tangu siku hiyo, peke yangu, bila mtu wa kumtafsiri. Kuna maneno makali mle ambayo hata mkate unakataa kushuka ukiyasoma. Lakini angalieni nabii anaelekeza uso wapi. Nathani hakwenda kwa mke aliyechukuliwa. Alikwenda kwa mfalme aliyemchukua, akamwambia usoni mtu huyo ni wewe. Ezekieli anawafokea wachungaji wanaokula kondoo, si kondoo aliyevunjika mguu. Isaya anawasaka wanaounga nyumba na nyumba mpaka maskini hana pa kusimama. Amosi anatazama juu, kwenye vitanda vya pembe za ndovu. Hukumu yao inapanda ngazi. Sisi tumeifundisha kuteremka, imkute mwanamke aliyelowa, imuulize amefanya nini.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Sospeter. Nilitaka aniambie nimefanya vizuri. Hakuniambia. Aliendelea kukanyaga cherehani, halafu akasema nimeharibu kazi.

"Mi nilikuwa bomba," akasema. "Bomba haichague maji."

Sijawahi kumjibu Mzee maishani mwangu. Niliangalia viatu vyake, nikasema, "Lakini Mzee, watu wanakunywa."

Akainama tena kwenye cherehani. Niliondoka nikidhani nimempoteza. Wiki iliyofuata alinitumia leso mbili mpya, za pamba nene, zimepindwa kingo kwa uzi mweupe. Si zangu. Ni zenu. Nimeziweka pamoja na karatasi hizi.

Mimi wazee wa kanisa waliniambia nipumzike kidogo, eti masomo yangu ni mengi. Mama Zawadi walitaka kumtenga kimyakimya, wazee peke yao, bila kutangaza. Sijui kama waliandika au hawakuandika. Ninachojua ni kwamba Jumanne asubuhi nikienda shule niliwakuta akina mama wa kanisa kwenye kona ya siku zote, mabeseni yamewekwa chini, wakipiga soga na kulalamika baridi. Nikamsikia mmoja akiuliza wanangoja nini. Mwingine akamjibu wanamngoja mwenzao, amechelewa, atakuja. Mama Zawadi alitokea na nyanya zake, akasaidiwa kuinua, wakashuka wote kwenda Petite. Hakuna aliyemwambia neno la dini.

Lakini paa bado lipo. Ndiyo maana sijapoa, na msiniombee nipoe.

Shikeni kazi, ni nzuri. Tazameni tumbo, fungeni leso, mkisema mimi mseme kweli. Na siku yenu ya kwanza, kabla ya ibada, mtaitwa kunywa chai kwenye chumba cha wageni. Nendeni. Shukuruni, ongezeni sukari, muwe birika. Kisha tazameni juu.